Mwigizaji Kama Mtunzi: Ufundishaji wa Utunzi wa Mwendo na Usomaji wa Tamthilia za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanajadili nafasi ya utunzi wa mwendo katika mafunzo ya mwigizaji wa tamthilia ya Kiswahili. Hoja inayotetewa ni kwamba mafunzo yetu yamempa mwigizaji hazina kubwa ya ngoma za kucheza lakini yamemnyima kazi ya kutunga, na kwamba upungufu huo unaathiri pia namna tunavyozisoma tamthilia zenyewe. Kwa kurejelea Nguzo Mama (1982) ya Penina Muhando na Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein, makala yanaonyesha kuwa baadhi ya maswali makuu ya tamthilia hizo hujibiwa na uamuzi wa mwigizaji kuhusu uzito, muda na chanzo cha mwendo wake.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa ni nani mtunzi wa Nguzo Mama, atajibu bila kusita kuwa ni Penina Muhando. Akiulizwa ni nani aliyetunga namna wanawake wa kijiji cha Patata wanavyoinama, wanavyokaza miguu na wanavyoiachia nguzo isiyosimama, atanyamaza. Hajui jibu kwa sababu swali hilo halimo katika mtaala wake. Katika mitihani ya fasihi, tamthilia huulizwa kwa vipengele vya dhamira, wahusika, lugha na muundo, sawasawa na riwaya. Maelekezo ya jukwaani husomwa haraka, kama maelezo ya mandhari yanayomchelewesha msomaji asifike kwenye mazungumzo.

Upande wa pili wa ukuta, katika madarasa ya uigizaji, hali ina sura nyingine lakini chanzo chake ni kilekile. Mwanafunzi hufundishwa kutoa sauti, kuhifadhi maneno na kucheza ngoma za makabila mbalimbali. Anapofika kwenye tamthilia, hujengewa mwendo na mwongozaji: simama hapa, vuka pale, piga magoti kwenye neno hili. Anakuwa mtekelezaji hodari wa mwendo uliotungwa na mtu mwingine. Makala haya yanadai kwamba madarasa haya mawili yanalea kasoro moja, nayo ni kuamini kuwa utunzi wa tamthilia hukamilika mwandishi anapoweka kalamu chini.

2.0 Kutunga, Kucheza na Mwendo

Kabla ya kuingia katika tamthilia zenyewe, inafaa kuyatazama maneno tunayoyatumia. Kitenzi "kutunga" kina matumizi mapana kuliko yale tuliyoyazoea katika fasihi. Mtu hutunga shairi, lakini pia hutunga shanga katika uzi. Jipu hutunga usaha na mwanamke hutunga mimba. Katika matumizi yote haya kuna kitu kinachokusanyika na kushika umbo kwa mpangilio wake. Utunzi wa shanga unatufaa zaidi hapa, kwa sababu unadai mambo matatu: shanga zenyewe, uzi unaozishika, na uamuzi wa ipi itangulie na ipi ifuate. Mtu mwenye shanga nyingi mkononi bila uzi hajatunga kitu.

Kwa upande mwingine, mwili tumeupa kitenzi "kucheza". Tunacheza ngoma, tunacheza mchezo, tunacheza nafasi ya mhusika. Ni neno zuri, na lina heshima yake katika jadi, lakini katika mgawanyo huu limeuweka mwili upande wa utekelezaji. Kalamu hutunga, mwili hucheza.

Neno la tatu ni "mwendo". Limetokana na kitenzi "kwenda", kama lilivyotokana "mwenendo", yaani tabia ya mtu. Kiswahili kimeshayaweka maneno haya mawili katika ukoo mmoja: jinsi mtu anavyokwenda na jinsi alivyo. Kwa sababu hiyo ninalipendelea neno "mwendo" kuliko "miondoko", ambalo katika mazungumzo ya sanaa limeelekea zaidi kwenye madoido ya ngoma na muziki. Kwa "utunzi wa mwendo" ninamaanisha kazi ya mwigizaji ya kuchagua, kupanga na kuhifadhi mienendo ya mwili wake na ya wenzake ili ibebe maana ambayo maneno hayajaisema au hayawezi kuisema.

Utunzi wa mwendo lazima utofautishwe na ubunifu wa papo hapo. Mazoezi ya kubuni papo hapo yana manufaa makubwa, na walimu wengi huyatumia. Hata hivyo, mwendo usioweza kurudiwa kesho haujatungwa bado, umetokea tu. Kutokana na tofauti hiyo tunaweza kupata vigezo vitatu vya kupimia kazi ya mwanafunzi: je, anaweza kuurudia mwendo wake? Je, anaijua sababu ya kila sehemu yake? Je, mtazamaji asiyejua habari anaweza kuusoma? Kigezo cha tatu kisitafsiriwe kuwa mtazamaji lazima apate maana moja. Anachotakiwa kuona ni kwamba kuna uamuzi uliofanywa.

3.0 Urithi wa Mafunzo

Mafunzo ya uigizaji nchini Tanzania yamejengwa juu ya msingi unaostahili sifa. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Hussein na Muhando wote wawili walifundisha, na katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ngoma iliwekwa karibu na uigizaji kwa makusudi. Ulikuwa uamuzi wa kisiasa na wa kisanaa: kukataa kwamba tamthilia ni mazungumzo ya watu waliokaa sebuleni, na kurejesha jukwaani hadithi, utambaji, wimbo na ngoma. Tamthilia nyingi za miaka ya 1970 na 1980 haziwezi kueleweka nje ya uamuzi huo.

Kasoro iliingia katika namna ngoma ilivyofundishwa. Ngoma ilipotolewa uwanjani na kuingizwa darasani, iligeuka kuwa orodha ya mitindo ya kuhifadhi: hii ni sindimba, hii ni bugobogobo, hii ni msewe. Mwanafunzi anayeimaliza orodha hiyo ana shanga nyingi nzuri. Anapokutana na tukio la tamthilia lisilo na ngoma ndani yake, kwa mfano mjane anayeingia katika nyumba iliyokwisha kukombwa vitu, hana uzi wa kuzitungia. Hapo hufanya mojawapo ya mambo mawili: huigiza huzuni kwa uso na mikono, au huiingiza ngoma mahali isipohitajika.

Mgawanyo huohuo unaonekana kwa majirani zetu. Katika tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo nchini Kenya, tamthilia, ngoma za kubuni na mashairi hushindanishwa katika makundi tofauti. Utaratibu huo umelea vipaji vingi, na katika ngoma za kubuni kuna utunzi wa kweli. Hata hivyo, unamzoesha mwanafunzi kuamini kuwa mwendo uliotungwa una kundi lake, na tamthilia ina lake.

Ulaya nayo iliwahi kukabiliana na tatizo hili katika karne ya 20, na majibu yake yanastahili kuangaliwa. Rudolf Laban aliuchambua mwendo kwa kutumia uzito, nafasi, muda na mtiririko, akampa mwigizaji msamiati wa kuuzungumzia mwendo bila kutaja mtindo wowote wa ngoma. Meyerhold, katika mazoezi yake ya miaka ya 1920, alimfundisha mwigizaji kwamba kila tendo hutanguliwa na tendo dogo la kinyume chake: kabla mshale haujaruka, mkono hurudi nyuma. Jacques Lecoq, katika shule aliyoifungua Paris mwaka 1956, alikuja kuweka utaratibu wa kuwapa wanafunzi mada na kuwaacha watunge kipande kifupi wao wenyewe, bila mwalimu, kisha wakiwasilishe mbele ya shule. Utaratibu huu wa Lecoq ndio unaotuhusu zaidi. Ndani yake utunzi ni kazi ya kila wiki ya mwigizaji, tangu mwanzo wa mafunzo. Haungoji ahitimu.

4.0 Uzito wa Nguzo

Nguzo Mama ni tamthilia ambayo tukio lake kuu ni kazi ya mikono. Wanawake, Bi Moja hadi Bi Nane, wanajaribu kuisimamisha Nguzo Mama ya kijiji chao. Bi Msimulizi anatusimulia na kutuonyesha jinsi jaribio hilo linavyovurugika, kila mmoja akivutwa na matatizo yake na magomvi yao. Mwishoni nguzo haijasimama.

Uhakiki umekubaliana kwa muda mrefu kuwa nguzo ni ishara ya nafasi ya mwanamke katika jamii. Sina ugomvi na kauli hiyo. Ninachosema ni kwamba jukwaani ishara haina nguvu isipokuwa na uzito, na uzito huo hautoki kwenye gogo. Gogo la jukwaani huwa jepesi, na pengine halipo kabisa. Uzito unatungwa na waigizaji. Wakishindwa kuutunga, hadhira inaona wanawake wanane wakigombana kando ya kijiti, na tamthilia inageuka kuwa kichekesho juu ya wanawake wasiopatana.

Tuchukue zoezi moja linaloweza kufanywa darasani kwa wiki mbili. Wanafunzi wanane wanapewa kamba nene, bila nguzo. Kwanza kila mmoja anavuta peke yake dhidi ya kitu kizito cha kweli, kisha anakiacha kitu hicho na kulirudia tendo akikumbuka nguvu ilianzia wapi: kwenye nyayo, magotini, kiunoni au begani. Anayevuta kwa mikono tu hugundulika mara moja, kwa kuwa mgongo wake hauna habari na anachokifanya. Pili, wote wanane wanavuta pamoja bila wimbo na bila hesabu, wakiongozwa na pumzi. Tatu, mmoja anaiachia kamba na kuondoka. Saba waliobaki wanatakiwa kuonyesha mwilini kwamba mzigo umeongezeka kwa kiasi kilekile alichoondoka nacho mwenzao. Kisha anaondoka wa pili.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha zoezi. Mwigizaji anajifunza kwamba kuondoka kwa mhusika mmoja hutungwa katika miili ya waliobaki. Bi Nane hahitaji kutuambia kuwa ameondoka na sehemu ya nguvu ya kijiji. Magoti ya Bi Pili yanatuambia. Hatua ya mwisho ni kurudisha mazungumzo. Hapo wanafunzi hukuta kwamba sentensi haiwezi kusemwa kwa urefu uleule na mtu anayevuta. Pumzi inaikata, na mahali inapokatwa huleta mkazo mpya. Lugha ya tamthilia, ambayo darasa la fasihi huichambua kama maandishi, inaonekana kuwa imefungwa kwenye mbavu za anayesema.

Kutokana na zoezi hili linazuka swali ambalo usomaji wa kimya hauwezi kulikwepa tena. Wanawake wanane wanapovuta kwa pigo moja, je, nguzo inasogea? Ikisogea hata kidogo, tamthilia inasema kuwa nguvu ipo na kinachokosekana ni umoja, hivyo lawama inawaangukia wanawake wenyewe. Isiposogea kabisa, hata pale wanapopatana, tamthilia inasema kuwa mzigo wenyewe ni mkubwa kupita kiasi na kwamba kuna watu nje ya kamba ambao wangepaswa kuwa ndani yake. Ni kweli kwamba matini inaelekea zaidi upande wa kwanza. Hata hivyo, matatizo yanayowatoa wanawake kwenye kazi hayakuumbwa na wao peke yao, na kwa hiyo usomaji wa pili una haki ya kusikika. Jambo la kuzingatia ni kwamba kundi la waigizaji haliwezi kubaki katikati. Nguzo husogea au haisogei. Kundi lisilotunga mwendo huu kwa makusudi limekwisha kutoa hukumu bila kujua, na kwa kawaida hukumu hiyo huwaangukia wanawake.

5.0 Anayevutwa na Anayekwenda

Kinjeketile inatupa tatizo la aina nyingine: tatizo la chanzo cha mwendo. Ushuhuda wa mdomo kuhusu Kinjeketile wa Ngarambe, uliokusanywa na G.C.K. Gwassa na John Iliffe na kuchapishwa mwaka 1968, unaeleza mtu aliyetambaa kwa tumbo huku mikono imenyooshwa mbele, akaingia majini na kupotea, kisha akatoka akiwa na nguo kavu. Mwaka mmoja baadaye tamthilia ya Hussein ilitoka, na ndani yake pia Kinjeketile anakwenda majini na kurudi na habari ya Hongo. Baadaye Kinjeketile wa tamthilia anaingiwa na shaka kubwa juu ya maneno aliyopewa: ahadi ya kuwa watoto wa Seyyid Said inamwonyesha kwamba huenda ametumiwa.

Mhakiki anaweza kuandika kurasa nyingi kuhusu shaka hiyo bila kuamua lolote. Mwigizaji hana nafasi hiyo. Anapoelekea mtoni lazima sehemu moja ya mwili itangulie. Mikono ikitangulia na kiwiliwili kikaburutwa nyuma yake, tunaona mtu anayevutwa, na Hongo yupo. Kifua kikitangulia, na mikono ikafuata, tunaona mtu anayekwenda, na pengine anayejua anakokwenda. Kwa msamiati wa Laban, tofauti hii iko katika uzito na mtiririko. Kwa lugha ya kawaida, ni tofauti kati ya "alipelekwa" na "alikwenda", na sarufi ya Kiswahili inaijua vizuri.

Utunzi dhaifu huchagua moja na kuikazania. Utunzi bora, kwa maoni yangu, huanza kwa mikono inayovutwa, kisha mahali fulani karibu na maji huweka mtuo mfupi ambapo mvuto umekatika na mwili bado unasonga. Hadhira haitaweza kusema ni nani aliyeusogeza. Shaka ambayo Kinjeketile ataitamka baadaye inakuwa tayari imepandwa machoni petu, na anapoitamka tunaitambua.

Utunzi hauishii kwenye tukio moja. Mwishoni Kinjeketile yuko kifungoni, amepigwa, na anatakiwa aseme kuwa maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa sababu ya vizazi vitakavyokuja. Mwigizaji aliyetunga mwendo wa mtoni ana kitu cha kurudi nacho hapa. Mkono uleule ulionyooshwa kuelekea majini unaweza kunyooka tena, safari hii bila Hongo na bila mto, ukiongozwa na nia yake mwenyewe. Kama mwendo wa kwanza uliwekwa wazi na kuhifadhiwa, mrejeo huu unaonyesha mabadiliko ya mhusika kwa ufupi ambao mazungumzo hayaufikii. Kama haukuwekwa wazi, mkono huo ni mkono tu. Hapo ndipo tunapoona kwa nini kigezo cha kurudiwa ni cha lazima.

6.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza linasema kuwa kazi hii ni ya mwongozaji, na kwamba kumpa mwigizaji ni kuvuruga onyesho na kumdharau mwandishi. Ni kweli kwamba mwongozaji huona kwa nje kile ambacho mwigizaji hawezi kukiona. Lakini mwongozaji huchagua miongoni mwa vinavyotolewa. Chanzo cha uzito hakionekani kabla mtu hajakitengeneza mwilini mwake, na mwigizaji asiyejua kutunga humpelekea mwongozaji mikono mitupu. Kuhusu mwandishi, mifano iliyotolewa hapo juu haibadilishi hata neno moja lake. Inayafuata maneno yake mpaka mahali yanapohitaji mwili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba Laban, Meyerhold na Lecoq ni wageni, na kwamba kuwaleta ni kurudia kosa ambalo kizazi cha Hussein na Muhando kilijitahidi kulisahihisha. Ninalichukua pingamizi hili kwa uzito, lakini ninadhani linakosea kuhusu ngoma. Ngoma haijawahi kuwa orodha isiyobadilika. Miongoni mwa Wasukuma, vyama vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa vizazi, na kila kimoja kimelazimika kubuni jambo jipya ili kuwavuta watazamaji upande wake. Beni za mwambao nazo zilikua kwa ushindani wa namna hiyo. Bugobogobo yenyewe, inayochezwa kwa majembe, ni kazi ya shamba iliyotungwa upya: uzito wa jembe, pigo la pamoja, mgongo unaoinuka kwa wakati mmoja. Ni jibu la moja kwa moja kwa tatizo la nguzo lililojadiliwa katika sehemu ya nne. Walioigeuza ngoma kuwa kitu cha kuhifadhi tu ni sisi tulioiingiza darasani. Kumfundisha mwigizaji kutunga ni kumrudishia alichokuwa nacho mcheza ngoma uwanjani.

Kinachobaki ni ugumu wa utekelezaji: madarasa makubwa, vipindi vifupi, na mitihani inayodai alama. Vigezo vitatu vilivyopendekezwa katika sehemu ya pili vinaweza kusaidia katika hilo la mwisho. Mwanafunzi awasilishe kipande cha dakika tano, akirudie siku ya pili, kisha aeleze kwa maandishi sababu za uamuzi wake, huku wenzake wakiandika walichosoma. Mwalimu atakuwa na ushahidi wa kutosha wa kutoa alama.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa utunzi wa mwendo ni sehemu ya tafsiri ya tamthilia, na kwamba mwigizaji asiyefundishwa kutunga hufasiri bila kujua. Katika Nguzo Mama, kutotunga huwahukumu wanawake wa Patata; katika Kinjeketile, humaliza shaka mapema kabla mhusika mwenyewe hajaifikia. Ninapendekeza mambo mawili. La kwanza, kila muhula wa mafunzo ya uigizaji uwe na angalau kipande kimoja kinachotungwa na wanafunzi wenyewe kutokana na tamthilia ya Kiswahili, kuanzia mwaka wa kwanza. La pili, wanafunzi wa fasihi wanaosoma tamthilia hiyohiyo waalikwe kutazama mazoezi hayo, wakiwa na vitabu vyao mkononi, na waulizwe nguzo ilisogea au haikusogea, na ni wapi katika matini walipopata jibu lao.